Homa baada ya safari: namna ya kuitambua malaria iliyobebwa kutoka nje ya Dodoma

Dodoma haina malaria nyingi. Ni nchi kavu, mvua yake ni ya miezi michache kati ya Desemba na Aprili, na mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwapima watoto wa chini ya miaka mitano: Tanzania nzima asilimia 8 walikuwa na vimelea, Tabora asilimia 23, na Dodoma haikufika hata asilimia 1. Lakini Tabora na Dodoma ziko kwenye reli moja. Mtu anaondoka Tabora asubuhi, jioni anashuka Dodoma, na vimelea vyake anavyo kwenye ini bila hata kuumwa kichwa.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji umejaa watu wenye kwao kwingine: mtumishi wa Mtumba ambaye mama yake yuko Kasulu, mwanafunzi wa UDOM anayerudi kutoka Newala kila likizo, kijana aliyetoka machimboni Geita. Wenyeji nao hawatulii. Wako wanaokwenda kuvuna mpunga Kilombero, madereva wa malori wanaovuka kwenda Kongo na Zambia, askari wanaorudi kutoka kulinda amani Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Mwongozo huu nimewaandikia matabibu, wauguzi na watu wa maabara walioko kwenye zahanati na vituo vya afya vya kanda ya kati, ambako hakuna mashine kubwa wala daktari bingwa mlango wa pili. Msafiri akiusoma atajua nini cha kumwambia tabibu bila kusubiri kuulizwa. Msimamo wangu ni kwamba mstari uleule mwekundu kwenye kipimo una uzito tofauti kwa mtu aliyelala Ipagala hapa Dodoma mwaka mzima na kwa mtu aliyelala Uvinza, Kigoma, wiki mbili zilizopita. Anayepima bila kujua mgonjwa alilala wapi anasoma nusu ya jibu.

## Hatua ya 1: Tazama kama mgonjwa anaweza kusubiri

Hii haichukui dakika tatu, na inatangulia maswali yote. Amechanganyikiwa au hazindukani vizuri? Amepata degedege zaidi ya mara mbili ndani ya saa 24? Hawezi kukaa wala kusimama bila kushikwa? Anahema kwa kasi na kwa kina, ana macho ya njano, mkojo umekuwa mweusi au umekata, anatoka damu, mikono na miguu ni ya baridi na mapigo hayashikiki vizuri? Dalili moja tu kati ya hizo kwa mtu mwenye homa aliyetoka ukanda wa malaria inatosha kumhesabu kuwa na malaria kali hadi ithibitike vinginevyo.

Huyu mpime mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) na sukari ya damu papo hapo. Sukari iliyo chini ya milimoli 2.2 kwa lita, au chini ya 3 kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, inatibiwa sasa hivi. Chukua na slaidi ya damu kabla ya dawa, kisha mchome artesuneti na umpe rufaa: miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito, au 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20. Mtoto wa chini ya miaka sita aliyeko mahali pasipo na sindano apewe artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa. Gari la wagonjwa lisikawie kwa sababu maabara haijamaliza kuhesabu vimelea. Slaidi na majibu vinaweza kufuata.

## Hatua ya 2: Uliza alikolala, usiulize kama amesafiri tu

Historia nyingi za safari zinapotea hapa, na sababu si uongo wa mgonjwa. Sikiliza mazungumzo ya kawaida ya chumba cha tabibu:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Pole na homa, mzee. Miezi hii mitatu umesafiri?"

"Aa, sijasafiri. Nipo tu hapa Veyula."

"Kila usiku umelala kwako?"

"Kila usiku. Labda ile wiki ya msiba wa shemeji, tulikwenda Urambo."

Mzee hakuficha kitu. Kwake kwenda kuzika hakuhesabiki, ni wajibu. Vivyo hivyo kwa mama aliyekwenda kumtazama binti aliyejifungua Kibondo, kondakta anayelala Nzega mara mbili kwa wiki, mchungaji aliyekwenda kwenye semina Sumbawanga, na mtoto aliyepelekwa kwa bibi likizo ya Juni. Anofelesi, mbu wa malaria, huuma usiku, kwa hiyo kinachotakiwa ni orodha ya vitanda. Uliza hivi, kwa mpangilio huu:

Umelala wapi nje ya Dodoma kwa miezi mitatu iliyopita, hata usiku mmoja? Ulifika lini huko na ukaondoka lini? Ulilala kwenye chandarua? Na ndani ya mwaka mmoja, umewahi kutoka nje ya nchi?

Jibu likiwa hapana, taja matukio yenyewe: msiba, harusi, kipaimara, mavuno, mnada, likizo ya watoto, kazi za barabara. Mtu akisikia "mavuno" anakumbuka Ifakara.

Halafu uliza alikokulia. Aliyekulia Kigoma na kukaa Dodoma miaka michache huwa na kinga kiasi, ingawa hupungua akikaa mbali na malaria. Aliyezaliwa na kukulia Chamwino au Kondoa anaweza kuwa hana kinga yoyote ya maana, hata kama ana miaka arobaini na ni mwenye nguvu zake. Huyu wa pili akienda Tabora wiki mbili akarudi na homa, mchukulie kama ungemchukulia mgeni kutoka Ulaya. Wengi wetu tumezoea kuogopa malaria kwa watoto na wajawazito tu. Huku kanda ya kati mtu mzima naye anaweza kuzidiwa kwa siku mbili.

Mwisho uliza dawa, na uliza kwa upole, kwa sababu watu wanaona haya. Amemeza mseto wa duka la dawa? Vidonge vingapi, na lini? Wako wanaomeza dozi ya siku moja, homa ikishuka wanamwachia mwenzao zilizobaki. Dawa nusu inaweza kuficha vimelea kwenye hadubini bila kuvimaliza. Mjamzito anayepewa SP (dawa ya kuzuia malaria) kliniki, mtu anayemeza kotrimoksazoli kila siku, askari aliyekuwa kwenye doksisaiklini, wote hawa ugonjwa unaweza kuchelewa kujitokeza.

## Hatua ya 3: Hesabu siku

Chukua kalenda ya ukutani. Malaria ya falsiparamu, ambayo ndiyo nyingi kupita zote Tanzania, huanza kuonyesha dalili siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu. Aliyefika Kigoma Ijumaa na kushikwa na homa Jumatatu inayofuata hakuipata Kigoma safari hii. Tafuta safari ya nyuma, au tafuta ugonjwa mwingine.

Upande wa pili, wagonjwa wengi wa falsiparamu hujitokeza ndani ya mwezi mmoja tangu kurudi, na karibu wote ndani ya miezi mitatu. Mwenye kinga kiasi au aliyekuwa kwenye dawa ya kujikinga anaweza kuchelewa zaidi ya hapo. Spishi za vaivaksi na ovale zina tabia yao: huacha mbegu zilizolala ndani ya ini, zikaamka baada ya miezi au hata zaidi ya mwaka. Vaivaksi ni chache kwetu, lakini dereva aliyekaa Ethiopia au mwanafunzi aliyesoma India anaweza kuwa nayo.

Homa yenyewe isikudanganye kwa mpangilio wake. Ile ya kupanda na kushuka kila baada ya siku moja, inayosimuliwa vitabuni, wengi hawaji nayo. Joto likiwa la kawaida pale mezani, lakini jana usiku alitetemeka blanketi likashindwa, hiyo ni homa.

## Hatua ya 4: Mguse mgonjwa

Kwa ufupi: malaria haina alama moja ya mwili inayoitambulisha. Unapima ili upate ukali na upate magonjwa mengine. Angalia weupe wa viganja, macho, bandama, idadi ya pumzi. Kisha tafuta kisichofanana na malaria. Vipele mwilini si kawaida yake. Shingo iliyokakamaa inakupeleka kwenye homa ya uti wa mgongo. Masikio na koo la mtoto vitazamwe hata kama ametoka Tabora jana, kwa maana mtoto wa Tabora naye hupata tonsilaitisi.

## Hatua ya 5: Kipimo cha haraka

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na mRDT ndiyo imewezesha hilo hadi zahanati ya mwisho wa barabara. Ni kipimo kizuri kinachoharibiwa na mambo madogo.

La kwanza ni joto. Soma kiwango kilichoandikwa kwenye boksi. Vipimo vingi havitakiwi kuzidi nyuzi 30 au 40. Stoo ya bati mwezi Oktoba na Novemba hapa kwetu inavuka hapo mchana. Viweke chumba chenye ukuta mnene na dirisha, mbali na dari, na pakiti usiifungue hadi mgonjwa awe amekaa mbele yako.

La pili ni dakika. Kama maelekezo yanasema soma baada ya dakika 15, weka saa. Kusoma mapema kunakosesha mstari hafifu, na kurudi baada ya saa nzima kunaleta mstari ambao haukuwepo. Mstari hafifu uliojitokeza kwa wakati ni chanya. Mstari wa kudhibiti, ule wa C, usipotokea, kipimo kimeharibika. Tupa, pima upya. Damu iwe kiasi kilichoelekezwa, kwa kawaida maikrolita 5, na matone ya dawa yaingie kwenye tundu lake.

La tatu ni kujua kipimo kinaona nini. Vipimo vingi vya kwetu vinatafuta protini ya falsiparamu iitwayo HRP2. Hii hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo mtu aliyetibiwa vizuri Mpanda siku kumi zilizopita, akaja na homa nyingine Dodoma, kipimo bado kitasema chanya. Na kipimo cha HRP2 peke yake hakioni vaivaksi, ovale wala malariae. Zaidi ya hapo, Eritrea, Ethiopia na Djibouti kuna vimelea vya falsiparamu vilivyopoteza jeni ya protini hiyo, na kipimo hakivioni. Dereva aliyetoka pembe hiyo ya Afrika akiwa hasi kwenye mRDT, nenda hadubini moja kwa moja.

Sasa hesabu kidogo, kwa mfano tu, ili lile la mstari mmoja wenye uzito tofauti lieleweke. Chukua kipimo kinachopata wagonjwa 95 kati ya 100 wenye malaria, na kinachokosea watu 5 kati ya 100 wasio nayo. Wapime watu 1,000 wenye homa ambao hawakutoka Dodoma, na tuseme 10 tu ndio wenye malaria. Utapata chanya za kweli 9 au 10, na chanya za uongo karibu 50. Kati ya kila chanya sita, tano ni za uongo. Chukua kipimo hichohicho, wapime watu 1,000 wenye homa waliotoka ukanda ambako 300 kati yao wana malaria kweli: chanya za kweli 285, za uongo 35. Kipimo hakijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kitanda alicholala mgonjwa.

Maana yake kwa kazi yako: chanya kwa aliyetoka Tabora, Kagera, Kigoma au Mtwara, tibu. Chanya kwa mtu asiyelala popote nje ya mji, tibu pia, lakini chukua slaidi ithibitishe na endelea kutafuta sababu nyingine ya homa. Mtu wa Bahi kwenye majaruba ya mpunga, au wa pembezoni mwa bwawa la Mtera au Hombolo, usimweke kundi la "hajasafiri" haraka, kwa sababu maji yanayokaa huleta mbu hata Dodoma.

## Hatua ya 6: Slaidi

Kama kituo chako kina hadubini na mtu anayeijua, kila msafiri mwenye homa achukuliwe slaidi, hata mRDT ikiwa imeshasema chanya. Hadubini inakupa vitu vitatu ambavyo mRDT haina: spishi, idadi, na wadudu wengine kabisa.

Toboa kidole cha tatu au cha nne, futa tone la kwanza. Weka tone nene na tone jembamba kwenye kioo kimoja. Tone nene liwe na upana wa sentimita moja hivi. Likiwa bado bichi, uweze kusoma maandishi ya gazeti yaliyo chini yake kwa taabu kidogo. Lisiposomeka ni nene mno, litang'oka wakati wa kuosha. Tone jembamba likikauka ligande kwa methanoli. Tone nene lisiguswe na methanoli wala mvuke wake, na lisikaushwe juani wala kwenye taa ya moto.

Rangi ni Giemsa: asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15 ukiwa na haraka, asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45 ukiwa na nafasi, na ya pili ndiyo nzuri zaidi. Maji ya kuchanganyia yawe ya pH 7.2. Hapa Dodoma hili si jambo la kupuuza: maji yetu ya visima yana chumvi, na ukichanganyia maji ya bomba rangi inaharibika, vimelea vinapauka, chembe nyeupe hazieleweki. Tumia maji yaliyotoneshwa na vidonge vya kurekebisha pH. Chuja rangi yako, na funika slaidi zinazokauka. Vumbi la kiangazi na mabaki ya rangi vimewahi kuitwa malaria na watu wenye vyeti vizuri tu.

Soma tone nene kwa lenzi ya 100 na mafuta. Usiandike hasi kabla ya kupita angalau maeneo 100 ya hadubini. Ukiona vimelea, hesabu.

Kuhusu kuhesabu, nina ugomvi wangu na desturi ya "malaria mbili", "malaria nne". Mgonjwa anatoka maabara anapiga simu nyumbani: nimekutwa na wadudu watano. Alama za jumlisha hazimwambii tabibu chochote cha kupanga tiba, na haziwezi kulinganishwa kati ya leo na kesho. Hesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe 200, zidisha kwa 8,000 (kadirio la chembe nyeupe kwa maikrolita), gawanya kwa 200. Ukipata vimelea 150 kwa chembe nyeupe 200, ni 6,000 kwa maikrolita. Vikiwa vichache sana, hesabu hadi chembe nyeupe 500, na ugawanye kwa 500. Andika namba hiyo kwenye fomu, pamoja na saa uliyochukua damu.

Tone jembamba linakupa spishi na asilimia ya chembe nyekundu zilizoambukizwa. Pete ndogo nyembamba, mbili au tatu ndani ya chembe moja, chembe ambazo hazijavimba: falsiparamu. Vimelea vya umbo la ndizi ni gametosaiti zake, yaani hatua inayochukuliwa na mbu. Ukiviona peke yake bila pete, kwa mtu aliyetibiwa karibuni, si uthibitisho kwamba homa ya leo ni malaria. Chembe zilizovimba zenye nukta nyekundu zinaelekeza vaivaksi au ovale. Vimelea zaidi ya asilimia 10 ni malaria kali hata kama mgonjwa anatembea. Kwa asiye na kinga mimi siwezi kumrudisha nyumbani akiwa amepita asilimia 2.

Na sasa wadudu wengine. Kwenye slaidi hiyohiyo, tone nene lilelile, unaweza kukuta nyuzi za zambarau zilizojikunja kunja katikati ya chembe: hiyo ni borelia, homa ya papasi. Ni ugonjwa wa hapa hapa. Papasi wanaishi kwenye nyufa na sakafu za udongo za tembe, wanatoka usiku kunyonya, na vijiji vya Mvumi ni miongoni mwa mahali ugonjwa huu ulikofanyiwa utafiti Tanzania. Homa inakuja kwa kishindo, inaisha, inarudi baada ya siku kadhaa, na mgonjwa ataapa kwamba malaria yake "haisikii dawa". mRDT haioni borelia hata siku moja. Msafiri hapa amegeuka: aliyetoka Dar es Salaam kuja kumsalimia babu kijijini na kulala kwenye tembe ndiye mwenye hatari. Mseto haumsaidii, anatibiwa kwa antibiotiki kama doksisaiklini au penisilini, na aangaliwe saa za kwanza baada ya dozi, kwa sababu homa inaweza kupanda ghafla na presha kushuka. Tripanosoma za malale nazo huonekana kwenye tone nene, ukimkuta mtu aliyekaa misitu ya Urambo au Kibondo, au mtalii aliyetoka Serengeti.

## Hatua ya 7: Jibu hasi

Hasi moja kwa msafiri mwenye homa si mwisho. Asiye na kinga anaweza kuumwa vibaya vimelea vikiwa vichache kuliko macho ya hadubini yanavyoweza kuona. Rudia slaidi baada ya saa 12 hadi 24, na tena mara ya tatu. Tatu zikiwa hasi na hajameza dawa yoyote, malaria unaweza kuiweka kando. Anayekaa mbali, mwandikie tarehe na saa ya kurudi kwenye karatasi, na umwambie akianza kutapika kila kitu au kuchanganyikiwa asisubiri saa hiyo.

Kwa mjamzito uwe mgumu zaidi kuridhika. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma na damu ya kidole ikaonekana safi. Kwake mRDT chanya yenye slaidi hasi ichukuliwe kwa uzito.

Katikati ya kusubiri, usimpe mseto "wa kujaribia". Ukimpa, umefunga mlango wa kujua. Mgonjwa aliyezidiwa ni habari nyingine, huyo alishashughulikiwa hatua ya kwanza.

## Hatua ya 8: Jibu chanya, na homa nyingine

Mwanafunzi wa Kasulu mwenye kinga kiasi anaweza kutembea na vimelea 400 kwa maikrolita bila kuumwa, akapata nimonia, ukampima, ukaona malaria. Ukitibu malaria tu, nimonia inaendelea. Kwa mtu wa namna hii namba ndogo ya vimelea na ugonjwa mkubwa havioani, na kutooana huko ndiko kunakokwambia uendelee kutafuta. Kwa Mgogo asiye na kinga, vimelea 400 vinatosha kabisa kumlaza.

Katika kutafuta, acha kuanza na Widali, kile kipimo cha damu cha taifodi. "Malaria na taifodi" imekuwa jibu la pamoja kwenye maabara nyingi za mitaani, kana kwamba magonjwa hayo yanakuja kwa mkataba. Kipimo cha Widali kimoja hakithibitishi taifodi. Wengi wetu tuna kingamwili za zamani. Kama unaishuku kweli, damu ya kuoteshwa ndiyo njia, na kwa hiyo mpe rufaa mahali inapofanyika.

Mengine yategemee alikotoka. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Homa, maumivu nyuma ya macho, vipele na chembe sahani (zile za kugandisha damu) kushuka vinaielekeza, ingawa chembe sahani hushuka pia kwenye malaria. Mfugaji anayekunywa maziwa mabichi, homa yake ya wiki kadhaa na maumivu ya kiuno iangaliwe kama brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Baada ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, ng'ombe na mbuzi wakitupa mimba ovyo, kumbuka Homa ya Bonde la Ufa, ambayo mlipuko wake wa 2007 uliipiga sana Dodoma. Aliyetoka Kagera akiwa na homa, kutapika, kuharisha na kutoka damu, mtenge kwanza na uvae glavu na kinga nyingine kabla ya kumtoboa kidole: mkoa huo umepata Marburg, homa ya virusi inayoambukiza, mwaka 2023 na tena 2025. Piga simu kwa mganga mkuu wa wilaya wakati huohuo.

## Hatua ya 9: Andika, tibu, mfuatilie

Kwenye rejista, mbele ya "malaria imethibitishwa", andika alikolala na tarehe. Wilaya ikiona wagonjwa wanne wa mtaa mmoja ambao hawakusafiri, hapo kuna kazi ya kutafuta mazalia ya mbu. Bila safu hiyo, wote wanaonekana sawa.

Malaria isiyo kali inatibiwa kwa ALu, yaani mseto wa artemetha na lumefantrini: dozi sita kwa siku tatu, mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea vidonge vinne kila dozi, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Imezwe na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Uji mtupu unapunguza dawa inayoingia mwilini. Akitapika ndani ya saa moja, arudie dozi hiyo.

Mgonjwa aliyetoka Kagera mwite siku ya tatu kwa slaidi, hata akijisikia vizuri. Huko imethibitishwa kuwapo vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini. Kuchelewa huko si kushindwa kwa mseto moja kwa moja, ila vimelea vikiwepo bado siku ya tatu unahitaji kumfuata kwa karibu na kuwaarifu wa wilaya.

Aliyechomwa artesuneti, hasa aliyekuwa na vimelea vingi na hana kinga, apimwe wingi wa damu siku ya 7, ya 14 na ya 28. Chembe nyekundu huweza kuvunjika kwa kuchelewa, wiki mbili au tatu baada ya kupona, na mgonjwa aliyekwisharudi kazini anaanza kuchoka na kukojoa mkojo mweusi. Akija kwako wakati huo na homa tena, usipime mRDT, kwa kuwa HRP2 ya zamani bado imo. Pima kwa slaidi. Na kama spishi ilikuwa vaivaksi au ovale, mseto umemaliza vya kwenye damu tu. Vilivyolala kwenye ini vinahitaji primakwini, ambayo haitolewi kabla ya kupima G6PD (kimeng'enya cha chembe nyekundu) wala kwa mjamzito, kwa hiyo huyo mpeleke hospitali ya rufaa akiwa na slaidi yake mkononi.